Edmond Halley: Aliyetabiri kurudi kwa nyota yenye mkia, akafa kabla ya kuiona

KATIKATI ya Oktoba 2024, mtu aliyesimama juu ya kilima chochote cha Butihinda, kaskazini-mashariki mwa Burundi, akaupa mgongo mpaka wa Kobero na kutazama magharibi baada ya jua kuzama, alikuwa na nafasi ya kuona jambo ambalo wengi hulisikia tu. Chini, karibu na upeo wa macho, kulia kwa sayari ya Zuhura iliyokuwa iking'aa, kulikuwa na doa la mwanga lenye mkia mwembamba ulioelekea juu. Ilikuwa nyota yenye mkia iitwayo Tsuchinshan-ATLAS, iliyogunduliwa mwaka 2023 kwa darubini za China na ile ya Sutherland, Afrika Kusini.

Oktoba ni mwezi wa mvua na wa kupanda mahindi na maharage katika eneo hilo, na mawingu huziba anga mara kwa mara. Aliyeiona alibahatika. Lakini aliyeiona, na hata aliyezibiwa na mawingu, hakuwa na sababu ya kuiogopa. Hilo si jambo dogo. Kwa maelfu ya miaka watu wa mataifa mengi waliiona nyota ya aina hiyo kama onyo la vita, njaa, maradhi au kifo cha mfalme. Kama leo tunaitazama kwa furaha, mmoja wa watu tunaopaswa kuwashukuru ni Mwingereza aliyefariki dunia mwaka 1742. Jina lake ni Edmond Halley.

Wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya nyota inayoitwa kwa jina lake. Wachache wanajua kwamba mwenyewe hakuiona ikirudi, na kwamba alipotangaza itarudi alijua wazi kwamba hatakuwapo.

Mtoto wa mtengeneza sabuni

Halley alizaliwa Novemba 8, 1656 huko Haggerston, wakati huo kijiji kilicho karibu na London. Baba yake alikuwa tajiri aliyetengeneza sabuni na kufanya biashara ya chumvi. Fedha za sabuni ndizo zilizomnunulia kijana huyo vitabu na vyombo vya kupimia nyota, na alipoingia Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1673 alikwenda na darubini yake mwenyewe.

Hakumaliza masomo kwa njia ya kawaida. Wakati huo wanafalaki wa Ulaya walikuwa wakizihesabu nyota za kaskazini, lakini nyota za kusini, zile ambazo wakulima na wavuvi wa Afrika huziona kila usiku, hazikuwa zimepimwa vizuri kwa darubini. Halley aliona pengo hilo. Mwaka 1676, akiwa na miaka 20 tu, aliacha chuo akapanda meli kwenda kisiwa cha Mtakatifu Helena, katikati ya bahari ya Atlantiki ya kusini. Mfalme Charles II alimwandikia barua, na baba yake akamlipia gharama ya paundi 300 kwa mwaka.

Kisiwani alikutana na adui ambaye kila mtazama nyota anamjua: mawingu. Usiku baada ya usiku anga ilifungwa. Hata hivyo alirudi nyumbani mwaka 1678 akiwa na vipimo vya nyota 341. Mfalme aliagiza apewe shahada ya Oxford bila mtihani, na mwaka huo huo akachaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London, chombo kikuu cha wanasayansi wa Uingereza. Alikuwa na miaka 22.

Anayeijua pwani atafurahi kusikia jambo jingine. Mwaka 1686 Halley alichapisha ramani ya pepo za bahari kuu, ikiwamo Bahari ya Hindi. Alikusanya habari kutoka kwa mabaharia, akachora kwa mistari midogo upepo unakoelekea, na kueleza kwamba joto la jua ndilo linaloziendesha pepo hizo. Kaskazi na kusi, ambazo manahodha wa Zanzibar, Lamu na Maskati walizitegemea karne nyingi kabla yake, ziliingia katika ramani ya kwanza ya aina hiyo. Maelezo yake hayakuwa sahihi yote na wengine waliyasahihisha baadaye, lakini mlango alikuwa ameufungua.

Jioni ya Septemba 1682

Desemba 1680, Halley akiwa njiani kwenda Paris, nyota kubwa yenye mkia mrefu ajabu ilitokea angani na kuishangaza Ulaya yote. Miaka miwili baadaye ilitokea nyingine. Hii haikuwa kubwa kama ile. Halley alikuwa ndiyo kwanza ameoa, akiishi na mkewe Mary mtaa wa Islington, London. Mwezi Septemba 1682, jua lilipozama, aliipima nyota hiyo ikiwa upande wa magharibi, akaandika ilipo ikilinganishwa na nyota nyingine, kisha ikazama katika mwanga wa jua na kutoweka.

Hakuna aliyejua kwamba vipimo vile vichache vya jioni vingekuja kubadili fikra za watu.

Wakati huo wataalamu walikuwa hawajakubaliana nyota hizi hupita vipi angani. Baadhi waliamini zinapita kwa mstari ulionyooka, zinakuja mara moja na kupotea milele. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa hili: ni nguvu gani inayozifanya sayari zilizunguke jua? Januari 1684 Halley alilijadili swali hilo London na wenzake wawili, Christopher Wren na Robert Hooke. Wren aliahidi zawadi ya kitabu kwa atakayeleta uthibitisho. Hakuna aliyeuleta.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Mwezi Machi baba yake alitoka nyumbani asirudi. Mwili wake ulipatikana mwezi Aprili kando ya mto. Mali ikazua ugomvi na mama wa kambo. Katika hali hiyo, Agosti 1684, Halley alisafiri hadi Cambridge kumwuliza Isaac Newton swali lile lile. Newton alimjibu kwamba alikwisha kulipigia hesabu zamani: sayari hupita katika njia ya duaradufu, yaani duara lililovutwa likawa refu kama yai. Halley alipoomba kuiona hesabu yenyewe, Newton aliitafuta katika makaratasi yake asiipate. Halley alimsihi aiandike upya.

Kutokana na msukumo huo kilizaliwa kitabu cha Newton kilichotoka mwaka 1687, kimojawapo cha vitabu vikubwa kuliko vyote katika historia ya sayansi. Jumuiya ya Kifalme haikuwa na fedha za kukichapisha kwa sababu ilikuwa imezimaliza katika kitabu kuhusu samaki ambacho hakikununuliwa. Halley alilipa uchapishaji kutoka mfukoni mwake. Yeye mwenyewe alikuwa karani wa jumuiya hiyo, na ilipofika wakati wa kulipwa ujira wake alipewa nakala 50 za kitabu kile cha samaki.

Hesabu ya nyota 24

Akiwa na kanuni za Newton mkononi, Halley alianza kazi ambayo leo kompyuta ingeifanya kwa sekunde chache. Alikusanya habari za nyota 24 zenye mkia zilizoonekana kati ya mwaka 1337 na 1698, akapiga hesabu ya njia ya kila moja kwa kalamu na karatasi.

Akagundua jambo. Nyota ya mwaka 1531, ya mwaka 1607 na ile aliyoipima mwenyewe jioni za 1682 zilipita karibu njia moja. Zote zililizunguka jua kinyume na sayari zinavyolizunguka. Kati ya ya kwanza na ya pili ilipita miaka 76, na kati ya ya pili na ya tatu ilipita karibu miaka 75. Je, hizi zilikuwa nyota tatu, au ni moja iliyokuwa ikienda na kurudi?

Tofauti ile ya mwaka mmoja na zaidi ingemkatisha tamaa mtu mwingine. Halley aliona sababu yake. Nyota hiyo ikipita karibu na Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, huvutwa na kucheleweshwa au kuharakishwa, kama msafiri anayeshikwa mkono njiani na jamaa zake. Mwaka 1705 alichapisha matokeo yake na kutangaza kwamba nyota ya 1682 itarudi mwaka 1758.

Hebu tufikiri kidogo. Wakati huo Halley alikuwa na miaka 48. Mwaka 1758 angetimiza miaka 102. Waganga na wapiga ramli wa kila zama wamejua kutabiri mambo yasiyo na tarehe, ili wasije wakaumbuka. Halley alifanya kinyume. Alitaja mwaka, akaeleza hesabu yake hadharani, na kumwachia kila mtu nafasi ya kumsuta. Kama nyota isingerudi, jina lake lingebaki mzaha, naye asingekuwapo kujitetea. Aliomba jambo moja tu, kwamba ikirudi, waliohai wakumbuke kuwa aliyeisema kwanza alikuwa Mwingereza.

Maisha yenye mengi

Isidhaniwe kwamba alikaa akiingoja nyota hiyo. Mwaka 1691 alitengeneza kengele kubwa ya kuzamia, yenye hewa ndani, naye mwenyewe akashuka nayo chini ya maji. Mwaka huo huo aliomba kiti cha profesa wa falaki Oxford akakosa, kwa kuwa viongozi wa dini walitilia shaka imani yake. Mwaka 1693 alichukua orodha za waliozaliwa na waliofariki katika mji wa Breslau akaonyesha jinsi ya kukadiria muda ambao mtu wa umri fulani anatarajiwa kuishi. Kampuni za bima na mifuko ya pensheni hadi leo hufanya kazi kwa msingi wa hesabu ya namna hiyo.

Kati ya mwaka 1698 na 1700 alikuwa nahodha wa meli ndogo ya serikali, Paramore, iliyotumwa kupima jinsi sindano ya dira inavyopotoka kutoka kaskazini halisi. Safari ya kwanza iliharibika kwa sababu luteni wake hakutaka kuamriwa na mtu asiye mwanajeshi. Halley alirudi, kesi ikasikilizwa, akaondoka tena, na safari ya pili ikamfikisha kusini kabisa penye milima ya barafu.

Mwaka 1716 aliweka miadi nyingine ambayo hangeweza kuitimiza. Alieleza kwamba Zuhura itakapopita mbele ya jua mwaka 1761 na 1769, watu wakiitazama kutoka pembe mbalimbali za dunia wataweza kupima umbali wa jua. Alipofariki hawakumsahau. Mwaka 1761 wanasayansi walitawanyika duniani, na Mfaransa Alexandre Pingré alifika hadi kisiwa cha Rodrigues katika Bahari ya Hindi.

Mwaka 1720, akiwa na miaka 63, Halley aliteuliwa kuwa Mwanafalaki wa Mfalme huko Greenwich. Alikuta jengo tupu, kwani vyombo vilikuwa mali binafsi ya mtangulizi wake, John Flamsteed, na mjane wake alivichukua. Halley alinunua vingine, kisha akaanza kuupima mwezi kwa mzunguko wake mzima wa miaka 18. Mzee wa zaidi ya miaka 60 kuanza kazi ya miaka 18! Aliimaliza. Mkewe Mary alifariki mwaka 1736, na yeye mwenyewe akafariki Greenwich Januari 1742, akiwa na miaka 85.

Mkulima aliyeiona kwanza

Mwaka 1758 ulipokaribia, wanahisabati watatu wa Ufaransa, Alexis Clairaut, Jérôme Lalande na mwanamke aitwaye Nicole-Reine Lepaute, walirudia hesabu ya Halley kwa undani zaidi. Kwa miezi kadhaa walifanya kazi kuanzia asubuhi hadi usiku, wakikokotoa mvuto wa Mshtarii na Zohali. Novemba 1758 walitangaza kwamba nyota itachelewa na italipita jua katikati ya Aprili 1759, wakiacha nafasi ya kukosea kwa mwezi mmoja.

Mwezi Desemba ulifika, mwaka ukawa unakwisha, na bado hakuna aliyeona kitu. Darubini za Paris zilitafuta bila mafanikio.

Aliyeiona kwanza hakuwa profesa. Alikuwa mkulima wa kijiji cha Prohlis, karibu na Dresden nchini Ujerumani, jina lake Johann Georg Palitzsch, aliyejifunza falaki mwenyewe baada ya kazi za shamba. Jioni ya Krismasi, Desemba 25, 1758, alielekeza darubini yake angani akaona doa hafifu la ukungu mahali ambapo halikuwapo zamani. Mwaka aliotaja Halley ulikuwa umebakiza siku sita tu.

Nyota ililipita jua Machi 13, 1759, ndani ya mwezi ule ule mmoja ambao Wafaransa walijiwekea. Wanafalaki wakaiita kwa jina la Halley. Tangu siku hiyo ilithibitika kwamba nyota zenye mkia nazo zina sheria, na kwamba hazitumwi kumwua mfalme wala kuleta njaa. Watu waliporudi katika kumbukumbu za kale waliikuta ikiandikwa na Wachina tangu mwaka 240 kabla ya Kristo.

Ilirudi mwaka 1835. Ikarudi tena mwaka 1910, wakati Burundi ikiwa chini ya Wajerumani na Mwami Mutaga wa Nne akiwa mtawala kijana, na mwezi Mei mwaka huo mkia wake uliifikia dunia bila kumdhuru mtu. Mwaka 1986 ilipita mbali kidogo na dunia na haikung'aa sana, ingawa nchi zetu za karibu na Ikweta na za kusini ziliiona vizuri kuliko Ulaya. Mwezi Machi mwaka huo chombo cha Ulaya kiitwacho Giotto kiliikaribia hadi kilomita 596, na kuonyesha kwamba kiini chake ni bonge la barafu na vumbi lenye urefu wa kilomita 15 hivi, jeusi kama makaa.

Jinsi ya kuitazama

Kwa wasomaji wa Butihinda, Ngara na kwingineko ambao wangependa kuwa tayari nyota nyingine ya namna hiyo ikitangazwa, mambo ni rahisi. Chagua kilima ambacho magharibi yake haina miti wala mlima mrefu. Mwezi Oktoba jua huzama Butihinda yapata saa 12 kasoro jioni, ambayo kwa saa za Tanzania, ng'ambo ya mpaka, ni saa 1 kasoro. Usitumie darubini kabla jua halijazama kabisa, kwani unaweza kupofuka. Subiri nusu saa hivi. Karibu na Ikweta jua hushuka wima na giza huingia upesi, hivyo sisi tuna nafasi nzuri kuliko watu wa Ulaya wanaosumbuliwa na machweo marefu. Nyoosha mkono na ukunje ngumi: ngumi moja au mbili juu ya upeo ndipo pa kutafuta. Mkia daima huelekea upande wa mbali na jua, kwa hiyo jioni huuona umesimama kwenda juu.

Tusichanganye nyota hii na kimondo. Kimondo hupita kwa nukta chache na kuzimika. Nyota yenye mkia hukaa palepale jioni nzima hadi izame, na kesho yake utaikuta imesogea kidogo.

Hata hivyo viwili hivyo ni ndugu. Nyota ya Halley huacha vumbi njiani, na kila mwaka dunia yetu hupita katika vumbi hilo mara mbili: mwanzoni mwa Mei na karibu na Oktoba 21. Vimondo vinavyoonekana alfajiri za siku hizo ni vipande vya nyota ile ile ambayo Halley aliipima Islington.

Nyota yenyewe italipita jua tena Julai 28, 2061, na safari hiyo itakuwa upande mmoja na dunia, tofauti na ilivyokuwa mwaka 1986. Mtoto aliyezaliwa Butihinda mwaka 2024 atakuwa na miaka 37. Wengi wetu tunaosoma makala haya hatutakuwapo, kama Halley mwenyewe hakuwapo mwaka 1758. Lakini tunaweza kufanya kama alivyofanya yeye: kumwambia mtoto huyo mwaka, na upande wa kutazama.